Tusimwite Mjinga

Tumesikia mara nyingi kwamba wanawake wa Kibera na Mathare, jijini Nairobi, walikwepa kupimwa Korona kwa sababu ya ujinga. Tusiyapokee maneno hayo upesi. Mwaka 2020 aliyeonekana ana virusi aliweza kupelekwa karantini, na mwanzoni wapo waliodaiwa gharama za kukaa huko. Mama afuaye nguo za watu ili apate unga wa jioni, angemwachia nani watoto kwa siku 14? Mei 2020 Serikali ilifuta malipo hayo katika vituo vyake, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Machi 2021 chanjo ilifika, nayo ilikuwa bure. Hata hivyo, kutwa kwenye foleni ni kutwa bila kibarua, na dozi zilikuwa mbili.

Tujiulize basi: jirani yetu tulimshika mkono, au tulimnyoshea kidole? Siku maradhi mengine yakija tumwambie, “Nenda kapimwe, dada. Watoto watakula kwangu.” Neno hilo litamfikisha zahanati kuliko karipio.