Baridi Yabisi: Jina Linapomnyima Mgonjwa Dawa

Wanalugha wanaelewa vyema kuwa jina huweza kukikweza kitu au kukidunisha. Baridi yabisi ni mfano ulio karibu. Mjini Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwanamke anayeamka vidole vimekakamaa huambiwa avae sweta, anywe chai ya tangawizi. Ilhali aina kali ya maradhi haya haisababishwi na umande wa Uasin Gishu: ni kinga ya mwili inayogeuka na kuyashambulia maungio ya mwenyewe. Huwapata wanawake zaidi, aghalabu wakiwa bado na nguvu za kazi, na yasipotibiwa mapema vidole hupinda visinyooke tena.

Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF, iliyoanzishwa 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hutozwa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. (Mkopo wa kumsaidia kulipa, uliozinduliwa 2025, uliitwa Lipa SHA Pole Pole, angalau hapo Kiswahili hakikusahauliwa.) Akishajisajili, hazina ya afya ya msingi humgharimia katika zahanati na vituo vya afya, ambako ni nadra kumkuta bingwa wa maungio. Bingwa yuko hospitali ya rufaa, na huko bima hutazama kwanza kitanda na upasuaji. Mgonjwa huyu halazwi. Maradhi yake yanaishi kwenye dirisha la famasia, mwezi baada ya mwezi.

Methotreksati, dawa ya vidonge inayomezwa mara moja kwa wiki, bei yake huvumilika kwa wengi. Isipofua dafu hutajwa dawa kama rituksimabu, ya kutiwa mshipani, ambayo bei yake huweza kumtoa ng'ombe zizini.

Hapo ndipo mantiki inapopotea. Rituksimabu hiyo hiyo hutibu baadhi ya saratani. Saratani ilitengewa fungu lake: utaratibu ulipoanza, shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka kutoka hazina ya bima, na 150,000 zaidi kutoka hazina ya dharura na maradhi sugu. Usafishaji wa figo nao ulipata fungu. Baridi yabisi haikupewa fungu kwa jina lake. Wagonjwa wawili waweza kuketi sako kwa bako, dawa ni moja, mmoja akalipiwa na mwenzake akauza shamba.

Wapo watakaodai kwamba mfuko wa umma una kina chake. Hoja hiyo ina uzito, hasa pale ambapo wengi wasio na ajira rasmi hawachangii. Lakini mshona nguo wa mtaa wa Langas aliyepoteza vidole hatakuwa na mchango wa kutoa mwakani. Sheria ya 2023 iliyounda hazina hiyo ya tatu ilikwisha kuyataja maradhi sugu. Kilichobaki ni orodha ya malipo kuifuata dawa na muda wa ugonjwa, na kliniki ya wasiolazwa kuhesabiwa sawa na kitanda.