Tabia za Kupunguza Kansa Hazina Sponsa

Wasee, hii si posti ya kufurahisha, lakini tafadhali isome hadi mwisho.

Miaka miwili iliyopita nilitengeneza video inaitwa "Vyakula 7 Vinavyoua Kansa". Ndimu na magadi, tangawizi, mbegu za papai, unajua hizo stori. Nilikuwa nimetoka kampasi mwaka wa pili juu karo ilikataa kupatikana, na kodi ya bedsita ilikuwa imenifika shingoni. Hiyo orodha niliitoa kwa video zingine tatu ambazo pia hazikusema zimeitoa wapi. Nikairekodi na kuimaliza usiku mmoja nikiwa kwa kitanda. Ikatazamwa zaidi ya mara laki tatu. Ikanilipia kodi ya mwezi. Nikajiona nimefika.

Shangazi yangu kule Bomet aliiona kwa grupu ya familia. Mathe ndiye aliituma, na furaha yote, "Huyu ni kijana wetu." Shangazi alikuwa na shida ya kumeza. Ugali ulikuwa unakwama kifuani, na yeye alidhani ni alsa tu. Akaanza kunywa ndimu na magadi kila asubuhi. Akanipigia simu akaniambia, "Kijana wangu, asante, nimeanza ile dawa yako." Nikacheka. Nikamwambia aendelee.

Aliendelea miezi minne. Alipofika hospitali alikuwa anameza uji pekee, na saratani ya umio ilikuwa imesambaa. Tulimzika kabla ya Krismasi.

Sisemi video yangu ndiyo ilimuua. Saratani ya umio ni ngumu, na wengi huijua ikiwa tayari imeenda mbali. Lakini miezi minne ni miezi minne, na mimi ndiye nilimwambia aendelee. Video niliifuta. Hii posti ndiyo ingefaa kuwa pale tangu mwanzo.

Maoni yangu ni haya: tabia zinazosaidia kweli kupunguza hatari ya kansa zinaboa, nyingi ni za bei rahisi, na hakuna mtu anapata pesa ukizifuata. Ndiyo maana huzioni kwa simu yako. Vitu vinavyoongeza hatari vina bajeti, mabango na matamasha. Uongo kama wangu una watazamaji. Kuacha chai ipoe kidogo hakuna sponsa, wa aina yoyote ile.

Kabla niende mbali, Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuiwa. Soma hiyo namba pande zote mbili. Upande mmoja ni habari njema, kuna mengi ya kufanya. Upande wa pili ni kwamba kuna saratani nyingi ambazo huwezi kuziepuka kwa tabia yoyote. Kuna umri, kuna kurithi, kuna bahati mbaya tu. Julai 2019, nikiwa shule ya upili, tulimpoteza Bob Collymore, kisha Ken Okoth, kisha gavana wa Bomet, Joyce Laboso, wote kwa saratani, wote ndani ya mwezi mmoja. Hakuna mtu ana haki ya kusimama juu ya kaburi la mtu aseme "hakujitunza". Ukimwona mgonjwa, usimuulize alikuwa anakula nini. Muulize anahitaji nini.

Sasa turudi kwa zile tunazoweza.

Tuanze na chai, juu hiyo ndiyo iko karibu na mimi. Mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilisema vinywaji vya moto sana, kuzidi nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Shida si majani wala maziwa. Ni joto. Ukichoma ukuta wa umio kila siku, miaka nenda miaka rudi, mwili unabaki kutengeneza na kutengeneza, na mahali pa kurekebishwa kila wakati ndipo makosa huingia. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek huko Bomet wameandika kwa miaka kuhusu wagonjwa wa saratani hii, wengine hata hawajafika miaka 30. Hakuna anayesema ni chai pekee, juu pombe na sigara pia zimo. Lakini kwetu, chai isipochoma ulimi mgeni anauliza kwani imelala. Dawa yake ni nini? Mimina, weka kando, piga stori kidogo, kunywa. Hiyo tu. Jaribu kuniambia ni kampuni gani itanilipa niseme hivyo.

Ya pili, fegi. Hii mnajua, lakini kuna mnaosema "mimi huvuta tu nikikunywa". Hapo ndipo pabaya zaidi. Kwa saratani za mdomo, koo na umio, pombe na tumbaku zikikutana hatari haijumlishwi tu, inazidishwa. Na shisha si matunda. Ni tumbaku yenye ladha ya matunda, na Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017.

Ya tatu ni pombe yenyewe, na hapa najua nitapoteza marafiki. Pombe iko kwa orodha ya vitu vinavyosababisha saratani tangu 1988. Ukikunywa, mwili unaigeuza kuwa kemikali inaitwa asetaldehaidi, na hiyo inaharibu DNA. Haijalishi ni keg ya mtaani ama ni chupa ya elfu tano, alkoholi ni ile ile. Inahusishwa na saratani ya ini, ya utumbo mpana, na ya matiti, na kwa matiti hata kiasi kidogo kinaongeza hatari. Sisemi uache sherehe leo. Nasema kadiri unavyopunguza, ndivyo hatari inavyopungua, na ukiacha kabisa ni poa zaidi. Usingoje mtu wa matangazo akuambie hivyo.

Ya nne, smoki. Najua, najua. Mwaka wa 2015 nyama za kusindikwa kama soseji, smoki na bekoni ziliwekwa kwa kundi moja na sigara, na watu wakashtuka, wengine wakasema "basi kila kitu kinaleta kansa, wacha tukule tu". Hapo kuna kitu hatukuelezwa vizuri. Lile kundi linasema wanasayansi wana uhakika kiasi gani, halisemi hatari ni kubwa kiasi gani. Sigara inaua watu wengi mno kuliko soseji. Kwa nyama hizi, ukila gramu 50 kila siku, hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa karibu asilimia 18. Na hiyo ni 18 juu ya hatari uliyokuwa nayo, si kwamba watu 18 kwa kila mia wataugua. Kwa hivyo smoki pasua ya Ijumaa na washikaji si hukumu ya kifo. Smoki kila asubuhi kwenye stage, miaka kumi, hiyo ni tabia.

Na badala yake ukule nini? Hapa ndipo nacheka. Githeri. Ile tuliyoilalamikia shuleni miaka minne. Maharagwe, mahindi, sukuma, ndengu, vyakula vyenye nyuzinyuzi vinasaidia kulinda utumbo. Tumetoroka githeri tukaenda kulipa zaidi kwa kitu kibaya zaidi.

Ya tano, tembea. Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa siku tano. Si lazima jimu. Shuka stage moja mapema kama mtaa wako ni salama, panda ngazi, cheza boli Jumapili. Mazoezi yanapunguza hatari ya saratani ya utumbo na ya matiti, hata kama hujapunguza kilo hata moja.

Ya sita si chakula, ni chanjo. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinatokana na virusi vya HPV. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Kama una dada mdogo wa umri huo, muulize mathe wako kama alichanjwa. Na mathe mwenyewe, muulize kama amewahi kupimwa. Ni mazungumzo magumu, naelewa. Mazungumzo ya wodini ni magumu zaidi.

Sasa, nisije nikaonekana naibebea serikali mzigo wake. Kuna vitu tabia yako haiwezi. Mwaka wa 2004 sumu ya aflatoksini kwenye mahindi iliua watu 125, hasa huko Ukambani. Sumu hiyo hiyo ikiingia kidogo kidogo kwa miaka inasababisha saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Wewe unayenunua unga dukani utaijuaje? Hiyo ni kazi ya wakaguzi, na tuwadai. Yako ni ndogo: njugu zenye ukungu tupa, usizikaange ukidhani moto utaisha nayo. Hautaisha nayo.

Kuna mtu atasema, "Bro, wewe si daktari, hata kampasi hukumaliza." Kweli kabisa. Ndiyo maana sikupi dawa. Mara ya mwisho nilijifanya najua dawa, mmeona ilienda wapi. Hivi nimeandika ni vitu ambavyo nesi yeyote kwa kituo cha afya atakuambia bure, na ninaomba umuulize yeye badala ya kuniamini mimi.

Wiki jana kuna muuzaji wa unga wa kusafisha damu alinitafuta. Aliniahidi pesa ya kodi ya miezi miwili, niseme tu sentensi moja, kwamba unga wake "unapigana na kansa". Nilimwambia hapana. Kodi ya mwezi huu bado sijalipa, kwa hivyo msidhani ilikuwa rahisi. Lakini niliisikia ile sauti ya shangazi ikiniambia asante.

Naomba kitu kimoja tu. Kama kuna mtu kwenu chakula kinamkwama akimeza kwa zaidi ya wiki mbili, ama ana uvimbe usioisha, ama anatoka damu mahali haifai, usimtumie video. Usimtumie hata hii posti. Mpigie simu, mchange nauli, muende hospitali pamoja. Mimi nilipigiwa simu nikacheka. Wewe piga leo.