Kalenda ya Shoga Yako Haikuzuii Mimba

Leo mniwie radhi, nina maneno makali.

Mimi ni fundi cherehani Tarime mjini, nashona shela na magauni ya harusi, na wateja wangu wengine wanatoka Mugumu huko Serengeti. Bibi harusi akija kupimwa, maongezi lazima yafike kwenye uzazi. Karibu kila mmoja keshaambiwa: "Tumia njia ya asili, hesabu siku tu, haina madhara." Ahesabu vipi? Hapo kimya. Au anapewa siku za mwenzake! Jamani, mimi simshonei mtu gauni kwa kipimo cha dada yake.

Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi INAYOKUJA, siyo baada ya iliyopita. Nani anaijua inayokuja, ikiwa mwezi huu ni siku 25 na ujao 34? Mbegu za mume nazo huweza kuishi mpaka siku 5. Sisi tunaoswali tunajua siku zetu, alhamdulillah, lakini kujua lini umetwaharika hakukuambii lini yai linatoka. Na mume aliyeko machimboni Nyamongo akirudi baada ya wiki tatu, nani atamuonyesha kalenda usiku huo?

Wengine wanashika azl, mume kumwaga nje. Masahaba waliifanya, Jabir (R.A.) kasimulia. Huyo huyo kasimulia mtu aliyeambiwa na Mtume (S.A.W.) afanye akitaka, lakini kilichokadiriwa kitakuja tu. Mwanamke akashika mimba. Katika wanawake 100 wanaoitegemea mwaka mzima, kama 20 hupata mimba.

Kunyonyesha kunazuia vizuri sana, ila mtoto awe hajafika miezi 6, ananyonya tu usiku na mchana bila maji wala uji, na hedhi haijarudi. Ile miaka 2 ya Suratul Baqara ni haki ya mtoto, siyo kinga ya mimba. Mteja wangu mmoja alianza uji mtoto akiwa na miezi 4, miezi 7 haijafika ana mimba nyingine. Aliyemshauri hakuja hata kumchotea ndoo ya maji.

Sikatazi njia za asili. Mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 anaweza kutumia shanga za kuhesabia (siyo zile za kiunoni!), mkajizuia siku ya 8 mpaka ya 19. Siku 12, na bwana harusi mpya! Mwambieni mapema.

Vituo vya afya vya serikali vinatoa ushauri wa uzazi wa mpango bure. Nendeni wawili mkishaposana, na kungwi mwenye maneno mengi aje pia, akamsikilize nesi.