Uchovu wa Ini Haumo Kwenye Mizani

Marekani inao utaratibu wa kugeuza ugonjwa wa askari mstaafu kuwa asilimia, na asilimia kuwa dola. Kila kiungo kina namba yake katika jedwali la Idara ya Masuala ya Maveterani: goti, sikio, mgongo, akili. Ugonjwa sugu wa ini usiofikia sirosisi hupimwa chini ya namba 7345. Ini lililokwisha kujaa makovu, yaani sirosisi, chini ya 7312. Tarehe 19 Mei 2024 vigezo vya namba hizo mbili vilivyoandikwa upya vilianza kutumika, kwa nia ya kupata vipimo vinavyoshikika. Vimepatikana. Ila naona kwamba katika kuvitafuta, lile ambalo sheria mama iliagiza lipimwe limeachwa kando.

Sheria hiyo inataka asilimia zionyeshe kadiri ugonjwa unavyopunguza, kwa wastani, uwezo wa mtu kujipatia kipato. Haikusema hatari ya kufa, wala aina ya dawa. Na kinachomtoa mgonjwa wa ini kazini, miaka mingi kabla ya macho kuwa ya manjano, mara nyingi ni uchovu: mtu analala saa nane, anaamka hoi, anafika mahali pa kazi akiwa tayari anatafuta pa kukaa.

Kabla ya asilimia kuna mlango. Mdai athibitishe kwamba anaumwa sasa, kwamba kuna jambo lililomkuta jeshini, na kwamba uwezekano wa hilo kuleta hili ni angalau nusu kwa nusu. Ushahidi ukilingana, askari ndiye anayepewa haki. Na jeshi la Marekani lina historia yake na ini. Mwaka 1942 chanjo ya homa ya manjano iliyochanganywa na majimaji ya damu ya binadamu iliwaambukiza askari homa ya ini aina ya B. Waliolazwa walikuwa takriban 50,000. Kisha kuna zile bunduki za chanjo, zilizosukuma dawa ndani ya ngozi bila sindano, mkono mmoja baada ya mwingine kwenye foleni. Jeshi liliziacha mwaka 1997. Mwaka 2004 idara ilikubali kwamba, ingawa hapakuwa na ushahidi wa kisayansi wa maambukizi hayo, kibaiolojia inawezekana zilisambaza homa ya ini aina ya C. Pombe ni habari nyingine: ini lililoharibiwa na ulevi halilipwi, isipokuwa mdai aonyeshe kuwa ulevi wenyewe ulitokana na ugonjwa wa akili alioupata kwa sababu ya utumishi wake, njia iliyofunguliwa na mahakama mwaka 2001 katika kesi ya Allen dhidi ya Principi. Waliozaliwa kwetu Afrika Mashariki kisha wakavaa sare ya Marekani wana swali la ziada, kwani huku homa ya ini B mara nyingi huambukizwa utotoni. Kama ugonjwa haukuandikwa siku ya kupimwa kujiunga, sheria humhesabu askari kuwa aliingia mzima, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wa serikali.

Mlango ukishafunguka ndipo ngazi huanza. Chini ya 7345 mpya, mwenye historia ya ugonjwa lakini hana dalili anapewa sifuri. (Sifuri hiyo si ya kudharauliwa: uhusiano na jeshi umekubaliwa, na hali ikiharibika hataanza kubishana upya kuhusu chanzo.) Mwenye dalili hata moja, kama uchovu wa kuja na kuondoka, anapata 20. Hapa marekebisho yalikuwa na ukarimu, maana zamani huyo alipata 10. Kwa viwango vya mwaka 2025, 20 ilikuwa kama dola 347 kwa mwezi kwa asiye na wategemezi, na 40 ilikuwa dola 774.

Tatizo ni kutoka 20 kwenda 40. Lazima awe anatumia dawa mfululizo, awe na dalili mbili, na juu ya yote awe amepungua uzito bila kukusudia: kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wake wa kawaida, kwa miezi mitatu. Zamani palikuwa na njia ya pembeni. Aliyelala kitandani chini ya uangalizi wa daktari kwa jumla ya wiki nne katika mwaka alifika 40 hata kama hakupungua kilo moja. Njia hiyo imezibwa.

Sasa mchukue mwenye ini lenye mafuta, ugonjwa unaozidi kuenea. Tuseme ana kilo 110. Daktari anamsihi apunguze asilimia 7 hadi 10 ya uzito ili ini lipone, ilhali jedwali linamtaka apungue angalau asilimia 10, tena bila kukusudia, ndipo limpe 40. Dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa hatua kali ya ugonjwa huo ilipatikana Machi 2024, miezi miwili tu kabla ya vigezo vinavyodai dawa kuanza kutumika. Juu kabisa ya ngazi mambo ni ya ajabu zaidi: asilimia 100 inamtaka mgonjwa awe anapewa dawa za virusi na tiba ya kinga kama interferoni, zote kwa njia ya sindano. Vidonge vya kisasa vya homa ya ini C vimeisukuma interferoni nje ya tiba ya kawaida. Kilele kimejengwa juu ya tiba inayoondoka.

Wanaotetea vigezo hivi wana hoja. Uchovu hauonekani kwenye picha wala kwenye damu. Mpimaji mmoja ataamini, mwingine atakunja uso, na fedha ni za umma. Ndiyo maana kwenye sirosisi idara imechukua alama za MELD, zinazokokotolewa kutokana na bilirubini, kreatinini na kasi ya damu kuganda. Alama 15 na kuendelea ni asilimia 100. 12 hadi 14 ni 60. Ni safi, hazina upendeleo. Lakini MELD ilitungwa kukadiria nani atakufa mapema, na tangu 2002 inatumika kupanga foleni ya kupandikizwa ini. Mwenye alama 8 anaweza kuwa mbali na kaburi na bado asimudu zamu ya saa nane. Idara inalijua hilo, kwa kuwa imeweka dalili kama kibadala cha alama: maji tumboni, kutapika damu, akili kuvurugika. Kwa nini basi uchovu unaomwachisha mtu kazi usipewe kibadala chake kwenye 7345? Kumbukumbu za mwajiri za siku alizokosa ni ushahidi wa maandishi kama karatasi yoyote ya maabara, na zinapima kipato moja kwa moja.

Wakati huohuo, aliyekuwa na 40 chini ya vigezo vya zamani hawezi kushushwa kwa sababu tu jedwali limebadilika. Lazima ionekane amepata nafuu ya kweli. Kwa hiyo wanajeshi wawili waliopangwa mstari mmoja wa chanjo, wenye virusi vilevile na uchovu uleule, leo mmoja anapokea zaidi ya mara mbili ya mwenzake kwa sababu aliwasilisha fomu zake mapema.