Tuanzie Mboga, Bugali Utafuata

Ukiuliza Kindu kama nyumba fulani imekula leo, unauliza kwa kweli kama bugali umesongwa. Mlo hupimwa kwa shibe, na shibe hutoka kwenye muhogo au mchele. Sombe ya majani ya muhogo, samaki na maharage hupangwa baadaye, kwa kadiri ya franka zilizobaki. Naona mpangilio huu umekaa kichwa chini, miguu juu. Katika mji huu wa kando ya Lualaba, uliozungukwa na mashamba ya muhogo na mpunga, cha kujaza tumbo hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko cha kuujenga mwili. Kile kilicho adimu ndicho kingestahili kutengewa pesa kwanza, na bugali ungekadiriwa baada yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu mzima wa kilo 60, mwenye kazi za kawaida, anahitaji kalori kama 2,200 hadi 2,400 kwa siku, na protini gramu 50 hivi. Gramu 100 za unga wa muhogo zina kalori karibu 340, lakini protini haizidi gramu 2. Mtu akila gramu 700 za unga huo, amezimaliza kalori zake zote na ameshiba barabara, ila protini haijafika hata theluthi ya anayoihitaji. Mchele, zao lililoingizwa mkoani kwetu Maniema na wafanyabiashara waliotoka pwani katika karne ya 19, una nafuu: gramu 7 hivi za protini kwa kila gramu 100. Tatizo ni kwamba mkulima mara nyingi huuza mchele na kubaki na muhogo. Sasa tazama maharage makavu, yenye gramu 21; karanga, gramu 25; ndakala, yaani dagaa, waliokaushwa vizuri, karibu gramu 60. Tena muhogo unataka protini kwa sababu nyingine isiyosemwa sana. Muhogo mchungu una sianidi, na ile inayobaki baada ya kuloweka na kuanika, mwili huiondoa kwa msaada wa salfa itokanayo na protini. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 huko Kwango, hutokea pale muhogo usiolowekwa vya kutosha unapoliwa na watu ambao mlo wao una protini kidogo mno.

Kwa mtoto mdogo mambo hugeuka: kalori nazo humpungukia, hata akionekana ameshiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtoto wa miezi 12 hadi 23 anayenyonya anahitaji kalori kama 550 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi wa muhogo ni maji kwa sehemu kubwa, basi linajaa kabla mahitaji hayajatimia. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese huongeza kalori zaidi ya 100 bila kuongeza ujazo, na rangi yake nyekundu ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A. Karanga zilizosagwa laini, au unga wa ndakala, huleta protini. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Kongo wamedumaa. Magonjwa na maji machafu yamo katika sababu, lakini bakuli la uji nalo limo.

Nitaambiwa kwamba kupanga mlo ni anasa ya wenye mshahara, na kwamba mama anayenunua unga kwa kopo, siku kwa siku, hana cha kupanga. Siwezi kulipuuza jibu hilo. Zipo nyumba zinazokula mara moja kwa siku, na hizo zinahitaji kipato kabla ya ushauri wowote. Lakini nyumba nyingi zinazopata unga kila siku zina angalau nafasi ndogo ya kuchagua. Pesa ya kopo la mwisho la unga inaweza kununua karanga. Matembele na lengalenga huota nyuma ya nyumba. Kipimo cha Shirika la Chakula na Kilimo kwa wanawake kinataka angalau makundi 5 ya chakula kati ya 10 kwa siku; bugali, sombe, karanga, ndakala na kipande cha papai tayari ni matano. Mawese hayahesabiwi humo, jambo ambalo mpishi yeyote wa Maniema angelishangaa.

Wengine husema wazee waliishi kwa bugali na sombe wakawa na nguvu. Waliishi pia kwa nyama ya porini, samaki wa mtoni, uyoga na viwavi wa msituni, vitu ambavyo mkazi wa mjini leo hana budi kuvinunua. Na sombe yenyewe, ikipikwa kwa mawese, karanga na ndakala, ni chakula kizuri kweli. Lakini mara nyingi huwekwa kijiko kimoja pembeni ya mlima wa bugali, na samaki anaishia kwenye sahani ya baba. Kuubadilisha mgawanyo huo hakugharimu franka hata moja. Siku ya kupima watoto uzito kwenye vituo vya afya ingefaa kuwa pia siku ya kuonyesha hayo kwa sufuria na vijiko, maana gramu na kalori ni kazi ya mhudumu. Mama anataka kujua vijiko vingapi vya sombe, karanga kiasi gani, na baba naye aalikwe asikie nani apewe samaki kwanza.