Mtoto Akitaka Kusoma Kompyuta



Mzazi wa Akheri au Nkoaranga akiuza ng'ombe ili mtoto akasome kompyuta, ana haki ya kuuliza: atafundishwa nini hasa? Wala asiridhike akiambiwa, "Kompyuta, basi."

Walimu wenyewe walijiuliza swali hilo kule Iringa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Tumaini, cha ndugu zetu Walutheri, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari katika chuo chake cha huko. Chuo hicho, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilikuwa ndugu wa kile cha Makumira mnachokipita mkielekea Usa River. Mpango wa masomo ulitungwa na Watanzania pamoja na mwalimu wa Finland, Matti Tedre, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu.

Njia rahisi ilikuwepo: kuchukua mtaala ulioandikwa Marekani na kuufundisha ulivyo. Lakini mtaala wa namna ile humfikiria kijana aliyekua na kompyuta nyumbani, umeme usiokatika, na kampuni kubwa itakayomwajiri atunge programu mchana kutwa. Kwetu mhitimu huenda akawa fundi wa pekee katika hospitali nzima. Asubuhi atavuta waya wa mtandao, mchana atatoa vumbi ndani ya mashine na kutafuta betri ya kuilinda umeme ukizimika, na kabla jua halijatua mganga mkuu atamwuliza anunue mashine gani na kwa bei gani. Bado hajamfundisha karani mzee anayeogopa hata kuigusa!

Ndiyo maana wakaazimia mazingira ya nchi yawe msingi, fani zichanganywe, na mwanafunzi ajifunze kwa miradi ya kazi halisi. Chuo kidogo watu hukidharau, lakini kwa jambo hili kina nafuu yake. Pale Iringa walimu wa biashara, sheria na uandishi wa habari walikuwa katika ua mmoja; kwa kushauriana hapakuwa na safari.

Ugumu ulikuwa kwingine. Walitaka pia shahada itambulike ng'ambo. Ukielemea mno nyumbani, cheti hakivuki mpaka; ukielemea ugenini, kijana anajua mambo ya London wala hawezi kuwasha mtandao wa shule ya kata. Kwa maoni yangu walifanya vema kushika yote mawili, ingawa ni kazi nzito kwa chuo chenye walimu wachache.

Basi, mkishuka Arusha kumtafutia mtoto chuo, msiishie ofisini kwa mhasibu. Ombeni kuonyeshwa chumba cha mashine. Ulizeni mashine moja hutumiwa na wanafunzi wangapi, kama mwanafunzi huruhusiwa kuifungua na kuitengeneza kwa mkono wake, na ni wapi waliomaliza mwaka jana wanafanya kazi sasa.