Ushuru wa Trump umefika hadi kwenye magari ya mezani

Ukisikia ushuru wa Trump, akili yako huenda inakimbilia chuma au nguo za EPZ. Leo hebu tuangalie kitu kinachotoshea kiganjani: paa la gari.

Kuna Wamarekani ambao uraibu wao ni kuunda modeli za stesheni wagoni za zamani, zile gari ndefu za familia kama Chevrolet Nomad na Ford Country Squire, yenye mbao bandia ubavuni. Wazia Probox, uivute hadi mita 5.5, kisha uitie injini ya V8. Kwa kipimo cha 1:25, dude hilo linabaki sentimita 22.

Mbona wajisumbue kuziunda? Kwa sababu dukani ni chache. Kampuni kama AMT, iliyoanzishwa Michigan mwaka wa 1948, zilijua kijana wa enzi hiyo anataka Mustang, si gari la mamake la kubeba mboga. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ni ghali, kwa hivyo wagoni nyingi zilirukwa. Ukitaka ile uliyopanda ukiwa mtoto, unanunua seti ya saluni, unakata paa kwa msumeno mwembamba, halafu unatafuta paa refu na mlango wa nyuma kwa fundi anayemimina resini nyumbani kwake. Fundi huyo anaweza kuwa Canada, Ujerumani, popote.

Hapo ndipo siasa inaingia. Zamani kifurushi cha chini ya dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru. Mlango huo ulifungwa kwa bidhaa za China mnamo Mei 2025, na kwa dunia nzima Agosti 29 mwaka huo. Kwa miezi sita ya kwanza, vifurushi vya posta vingetozwa ama asilimia ya bei, ama kiasi maalum cha kati ya dola 80 na 200 kwa kila bidhaa. Posta za nchi kadhaa, Ujerumani na India zikiwemo, zilisimamisha kwa muda sehemu kubwa ya vifurushi vya kwenda huko. Piga hesabu ya kipindi hicho: paa la dola 25, ushuru wa dola 80. Nani angenunua?

Watetezi wa ushuru wanasema utarudisha viwanda nyumbani. Kwa magari makubwa, mnaweza kubishana. Kwa paa la resini linalohitajiwa na watu wachache tu, hakuna mwekezaji atakayejenga kiwanda. Na si mara ya kwanza sera kuigusa wagoni. Sheria ya mwaka wa 1975 iliyobana matumizi ya petroli ililegeza kamba kwa magari yaliyohesabiwa kama malori mepesi. Chrysler ikaleta minivan mwishoni mwa 1983 ikiwa kwenye kundi hilo, na familia zikahama. Country Squire iliaga 1991, Buick Roadmaster ikafuata 1996. (Minivan nayo ilikuja kupokonywa wateja na SUV, lakini hiyo ni stori nyingine.)

Sasa wewe mwenye laptopu pale Roysambu au Nyali, hapa ndipo pa kukodolea macho. Paa likiwa kwenye kifurushi linatozwa. Likiwa faili, mnunuzi analichapisha kwa printa yake ya 3D, na forodha haioni kitu. Kuanzia 1998, wanachama wa WTO walikuwa wakiongezeana muda wa kutotoza ushuru wa forodha kwa data inayovuka mipaka. India na Afrika Kusini zimelalamika mara kadhaa kwamba zinapoteza mapato. Malalamiko hayo yana uzito, ila msimamo huo ukishinda, kijana wa Nairobi anayechora sehemu za modeli na kuuza faili ng'ambo anaweza kuumia mapema kuliko kampuni kubwa. Lingine: Ford na General Motors hulinda majina na nembo zao na kutoza leseni, kwa hivyo usibandike nembo ovyo kwenye kazi yako.

Faili nayo ina mpaka wake. Zile mbao za Country Squire bado zinapakwa kwa mkono: rangi ya maziwa chini, kahawia juu kwa brashi iliyokaribia kukauka, mstari mmoja baada ya mwingine.